Sista na Gari la Viti Viwili

Kwenye mtaa wetu hapa Bowie, Marekani, gereji si mahali pa gari. Gari hulala nje, likanyeshewa mvua na theluji, na gereji hujazwa masanduku ya nguo za kupeleka nyumbani, magodoro, baiskeli za watoto waliokwisha kwenda chuo, na lile friza la pili la nyama. Yangu iko hivyo mpaka leo. Ya Sista ilikuwa mbali kabisa na hizo. Ukipita asubuhi unaikuta wazi, sakafu imepigwa deki kama wodi, na katikati, juu ya stendi nne za chuma, limekaa gari lisilo na mlango, lisilo na paa, na kwa muda mrefu lisilo na hata injini.

Tulimwita Sista kwa sababu alikuwa nesi, na Wakenya nesi humwita sista. Jina lake nalijua, ila sijapata kumwita nalo na sioni sababu ya kuanza sasa. Yeye kwao Nyahururu, bara ya Kenya kwenye baridi; mie wa Tanga. Kati ya nyumba yake na yangu pana nyumba moja ya mstaafu wa Kimarekani asiyekuwa na habari na mtu. Tumekaa hivyo miaka mingi, na kama ujirani unapimwa kwa kugombana, basi sina jirani wa karibu kuliko yeye.

Alikuwa na mambo yake. Ukimkaribisha chai, kabla hujamimina, anachukua kikombe na kukisuuza mbele ya macho yako, kwenye sinki lako. Mara ya kwanza nilinuna. Mara ya pili nikamwambia, mwenzangu, vikombe hivi nimeviosha kwa mkono wangu. Akanijibu kwamba yeye anajua hilo, ila mikono yake haijui. Na mtu huyohuyo utamkuta gerejini, grisi mpaka viwikoni, anakula chapati niliyompelekea bila hata kujifuta. Nilipomwuliza habari ya vikombe akasema grisi haijawahi kumuua mtu.

Kusifu hakujui. Ukimpikia pilau akamaliza sahani, ujue imekubalika; ukingoja neno utangoja sana. Alikuwa na msemo wake aliorudia mpaka watu wakawa wanamtania nao: pima kwanza, huruma baadaye. Aliutoa wodini, nadhani, kwa wagonjwa wanaolia kabla hujajua wanaumwa wapi, lakini aliutumia kwa kila kitu. Mtoto wangu Rehema alipoanguka na baiskeli, damu inamtoka gotini, mie nimeshika kichwa napiga kelele, Sista alikuja akapiga magoti, akaangalia, akamkunja mguu na kumkunjua, ndipo akamkumbatia. Rehema akasema baadaye kwa Kiingereza, maana watoto wetu ndiyo lugha yao ya kujibia, kwamba alipenda alivyokumbatiwa na Sista kwa sababu alijua kila kitu kimeshaangaliwa.

Kabla ya gari hilo la gerejini tulimjua kwa van yake ya viti saba. Ukiwa na mgeni anatua uwanja wa ndege wa Dulles na mumeo yuko kazini, unampigia Sista. Hata kama ametoka zamu ya usiku atakuja, macho mekundu, hasemi neno njia nzima, na atakufikisha. Alibeba Wakenya wa kanisani kwao, akabeba Watanzania wa msikitini kwetu, akabeba Wakongo waliokuwa wameshuka na mizigo kuliko watu. Harusi ya Oxon Hill, msiba wa Bladensburg, ni yeye. Ndiyo maana lori lilipokuja na kumshushia makasha, na habari ikaenea kwamba Sista anaunda gari la mbio, la viti viwili tu, watu walijiona kama wameibiwa.

Magari ya namna ile yanauzwa hapa vipande vipande. Wanakupa fremu, bodi, vikorokoro vya kila aina na kitabu cha maelekezo. Injini unajitafutia kwenye gari lililopata ajali, na mengine utajijua. Ni ya chini mno, ukikaa unahisi lami iko karibu na makalio. Mama mmoja wa kanisani kwao alimwambia waziwazi, tena sebuleni kwangu, kwamba gari la viti viwili ni gari la mchoyo. Sista alikuwa anakoroga chai. Akamjibu kwamba miaka yote amebeba watu saba, na hii ni ya wawili.

Basi kazi ikawa kumtafuta huyo wa pili. Sista alikuwa amevuka arobaini, hana mume, hana mtoto, na kwa watu wetu mwanamke wa namna hiyo ni hesabu iliyoachwa katikati. Kila mtu anataka kuimalizia. Kila mwanamume aliyeonekana akizungumza naye kwenye maegesho ya kanisa aliketishwa na watu, kimawazo, kwenye kiti kile cha pili. Mie pia niliketisha wawili watatu. Hakuna aliyefikiri kwamba kiti kina mwenyewe tayari.

Mwenyewe alikuwa mama yake, ambaye watoto wote wa mtaani walimwita Shosho, kama watoto wa Kikenya wanavyowaita bibi zao. Alikuja majira ya kuchipua, kwa viza ya mgeni, akapewa miezi sita. Na hapo ndipo ilipotokea kadhia ambayo mpaka leo nikiikumbuka nacheka peke yangu jikoni.

Huku Marekani, mama wa mtu haji kutembea. Mama wa mtu huja kulea. Binti akijifungua, tiketi inakatwa, mama anaruka kuja kumkanda mzazi, kupika uji na kubeba mjukuu, miezi sita ikiisha anarudi. Ndivyo ilivyokuwa kwangu, ndivyo ilivyo kwa kila mtu. Kwa hiyo kina mama wa kanisani kwao waliposikia Sista amemleta mama yake, hawakuuliza. Walijumlisha wenyewe. Wakakumbuka kwamba siku hizi anavaa ovaroli pana, wakakumbuka alikataa kuinua sufuria kwenye sherehe moja kwa sababu mgongo unamuuma. Jumamosi moja nikasikia vigelegele nje. Nachungulia dirishani, naona msafara: unga wa uji, blanketi za waridi na za samawati kwa sababu hawakujua ni mtoto gani, na nepi, bunda juu ya bunda.

Nilitoka mbio kwenda kushuhudia. Gereji ilikuwa wazi. Sista alikuwa chini ya gari, miguu tu inaonekana, na Shosho ameketi ndani ya fremu tupu, kitambaa kichwani, mikono juu ya usukani uliopachikwa tu, bado haujafungwa. Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Sista akajivuta nje, akakaa sakafuni, akatazama zile nepi, akawatazama wale wanawake. Nikadhani atawatukana, maana nilishamwona akiwatukana watu kwa makosa madogo zaidi. Akasema karibuni, akainuka kwenda kuchemsha chai.

Shosho ndiye aliyewauliza wamemletea nani hizo nguo za mtoto. Walipomweleza, kwa aibu, wakipokezana maneno, aliinamisha kichwa kidogo. Kisha akaupapasa usukani na kusema kwamba mjukuu wake ndiye huyu, na bado hajatembea. Wakacheka wote. Mie nilikuwa karibu naye na nilimwona usoni. Hakuwa anafanya mzaha sana. Mwanamke yule alitaka mjukuu, alitaka mkwe, na alikuwa ameruka bahari kuja kumshikia bintiye pedali.

Nepi hazikupotea. Hakuna kitu kinachofyonza mafuta kama nepi, na kwa miezi yote iliyofuata Sista alizitandika chini ya injini. Blanketi ya samawati Shosho alijifunika miguuni, kwani hata Mei alisikia baridi.

Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shosho siku ya tatu alipewa spana. Alikuwa mama wa shamba, kafuga ng'ombe, kauza maziwa, na gari hakuwa amewahi kuendesha hata moja. Ila alijua kufuata utaratibu, na kwa Sista hiyo ilitosha. Nilikuwa nikimwamkia shikamoo, yeye ananijibu mzuri sana, kama wafanyavyo wa kwao, nami nikazoea kupokea mzuri mahali pa marahaba.

Kazi waliifanya kama wodi. Sista akirudi asubuhi kutoka hospitali, kabla ya kulala anasimama gerejini na kutoa ripoti, vile manesi wanavyopokezana zamu: gurudumu la nyuma kushoto limefungwa, bado kukazwa, bomba la maji limeungwa, lichunguzwe kama linavuja, pale asiguse mtu. Shosho anasikiliza mikono imefumbatwa. Kisha Sista analala, na mama yake anashika zamu. Anafagia, anapanga nati kwa ukubwa kwenye mikebe ya maziwa, anatazama kama kuna tone. Sista akiamka Shosho naye anatoa ripoti: hapa pamelowa kidogo, nimeweka nepi; Mama Rehema amekuja na maandazi, nimemzuia asikae juu ya boksi lile. Mama Rehema ni mie, na ni kweli nilizuiwa.

Niliwahi kumwambia Sista kwamba anamtesa mama wa watu. Akaniuliza kama nimewahi kumwona mama yake akiwa na kazi hii na akiwa hana. Sikuwa nimemwona akiwa hana. Akasema zile siku mbili za kwanza, kabla hajamwingiza gerejini, Shosho alikuwa anakaa dirishani kuhesabu magari yanayopita, na jioni anauliza tiketi ya kurudi ni ya lini.

Kosa lao kubwa lilitokana na mapenzi, japo Sista hangekubali nikiliita hivyo. Kiti cha dereva cha gari lile hakisogei mbele wala nyuma. Unatoboa sakafu, unafunga bolti, basi, kimekaa. Unatakiwa mtu aketi, mguu ufike kwenye pedali sawasawa, utie alama, utoboe. Sista akamketisha mama yake, kwa sababu mama yake ndiye alikuwa anaketi pale kila siku. Akapima. Akapima tena, maana ndivyo alivyo. Akatoboa. Akakaza bolti kwa nguvu zake zote na kuzimwagia ile gundi isiyofunguka. Na Shosho alikuwa mfupi, mfupi kama mie, na Sista ni mrefu hata mlango wa stoo yangu humgonga kipaji cha uso.

Hawakugundua mpaka usukani wenyewe ulipofungwa mahali pake na Sista akataka kujaribu kuketi. Magoti yakagota. Hakuweza hata kuingiza mguu wa pili. Akabaki amekaa nusu ndani nusu nje, kama mtu aliyejaribu suruali ya mwanawe. Shosho alicheka mpaka akakohoa, mie nikacheka mpaka nikakaa juu ya boksi nililokatazwa. Sista alisubiri tumalize. Kisha akasema kwa utulivu kwamba kiti kitahamishwa baadaye, kwanza breki.

Breki ndizo zilizowalia muda. Mie siyajui magari, lakini hili nilitazama mara nyingi hata nikalijua. Mabomba ya breki yakiingia upepo, pedali inakuwa laini, ukikanyaga gari halisimami. Kuutoa upepo kunataka watu wawili. Mmoja anakaa kwenye kiti na kukanyaga, wa pili yuko chini penye gurudumu, anafungua kikoki kidogo, mafuta yanatoka na mapovu, anafunga. Aliye juu haruhusiwi kuinua mguu mpaka kikoki kifungwe. Akiinua mapema, upepo unanyonywa ndani tena na kazi yote ni bure.

Walikuwa na maneno yao. Sista chini anasema, "Kanyaga." Shosho anajibu, "Nimekanyaga." "Shikilia." "Nimeshikilia." Spana inalia. Kisha, "Achilia." Na Shosho anaachilia, anashusha pumzi. Hivyo tena na tena, gurudumu moja baada ya jingine. Nilikuwa nasikia kutoka jikoni kwangu dirisha likiwa wazi, nikawa najua siku za breki kama mtu anavyojua siku za takataka.

Goti la Shosho lilianza kumsumbua. Hapo ndipo akaingia shemasi mmoja wa Kikongo, mjane, mtu mwenye heshima zake na viatu vilivyochongoka, ambaye alikuwa amekuja, kwa maneno yake mwenyewe, kusalimia tu. "Maman, hii motokari ni ya nguvu, vraiment," akamwambia Shosho, na Shosho akamwelewa nusu. Lakini alikielewa kilichomleta, na nilimwona uso unang'aa. Akateremka mwenyewe kwenye kiti, akamwambia shemasi amsaidie kukanyaga, goti limechoka.

Shemasi akajikunja akaingia. Si mrefu, viatu ndivyo virefu. Sista akamwelekeza: asiachilie mpaka aambiwe. Akakanyaga vizuri, akashikilia vizuri, kisha akaanza kuzungumza, akimweleza Shosho habari za kwaya ya Lubumbashi, na katikati ya kwaya mguu ukainuka. Sista alitoka chini polepole, uso una matone ya mafuta. Asubuhi nzima ilikuwa imerudi mwanzo. Shemasi aliomba radhi kwa lugha mbili, akanywa chai, akaondoka.

Jioni nilimwuliza Shosho anamwonaje yule baba. Nilidhani atasema mpeni muda, kwa alivyokuwa akiomba mkwe usiku na mchana.

"Huyo hawezi kungoja," akasema, na akarudi kwenye kiti chake.

Kwa nini gari la mbio, hilo Sista alinieleza mara moja tu, na alieleza kama anavyosoma joto la mgonjwa. Alipokuwa mdogo mashindano ya magari yalipita kwao. Watu walijipanga kando ya barabara tangu alfajiri. Mama yake alimbeba mabegani, akashikilia miguu yake ili asianguke, na magari yalipofika, yeye juu aliyaona yote, rangi zake na madereva na kofia zao. Walipofika nyumbani akamwuliza mama yake amependa gari lipi. Mama yake akacheka, akamwambia yeye kule chini ameona vumbi.

Alichokitaka kilikuwa kimoja na kila mtu mtaani akakijua: Shosho aketi kwenye gari lile, wazunguke mtaa, upepo uwapige usoni, kabla miezi sita haijaisha.

Wakala ng'ombe mzima wakashindwa mkia. Injini iliwashwa Agosti. Mtaa mzima ulitoka, hata yule mstaafu wa Kimarekani alitoka na kuinua kidole gumba. Taa zikawaka. Lakini breki kila zikitolewa upepo, baada ya siku mbili pedali inalegea tena. Palikuwa na mahali panavuja, pembamba mno, na Sista alipapata akiwa amebakiwa na siku chache: bomba la nyuma lilikuwa na ufa karibu na maungio. Akaagiza jipya. Likachelewa.

Siku moja kabla ya safari, Shosho alikuwa ameketi pale, blanketi miguuni, injini inanguruma chini yake. Akamwambia bintiye waende hata hapo tu, mpaka kwenye kona. Sista akasema haiwezekani. Mie nikaingilia, ndiyo tabia yangu. Nikasema mtaa wetu ni tambarare, tuzime injini, tuite vijana wawili, tulisukume tu kwa mikono mpaka kona na kurudi, bibi wa watu afurahi.

Sista aliniangalia, akamwangalia mama yake. Niliona jinsi alivyotaka. Akainama akazima injini.

"Siwezi kumbeba mama yangu kwa gari haina breki," akasema. "Mwakani, Mama."

Shosho akasema sawa, mwakani. Akajitoa kwenye kiti, akakifuta kwa upindo wa leso. Kesho yake tulimpeleka Dulles kwa van ya viti saba, watatu tu, na ile blanketi ya samawati aliichukua.

Bomba lilifika Shosho keshafika kwake. Sista alilifunga siku ileile, akaja kwangu kuomba Rehema akamkanyagie, akageuka mlangoni kabla sijamwita mtoto, akasema acha, atangoja mwenyewe arudi. Gari likafunikwa turubai.

Shosho hakurudi. Ilikuwa presha, nyumbani, shambani, asubuhi. Sista alikwenda kuzika akarudi, na watu wakajaa kwake kutoa pole. Yeye ndiye aliyekuwa anapitisha chai. Kila kikombe alikisuuza kabla ya kumimina, kimoja kimoja, amesimama pale sinkini na foleni ndefu nyuma yake, na hakuna aliyethubutu kumwambia kaa. Mama aliyemwita mchoyo alichukua kitambaa akaanza kumkaushia. Mie nilimkasirikia Sista kwa kutolia. Nililia badala yake, tena kwa sauti, akanipa kikombe cha chai.

Miaka miwili gereji haikufunguliwa. Van iliendelea kwenda Dulles na kurudi. Zamu zake aliziongeza. Kuna fundi mmoja wa kanisani kwao alijitolea kulimaliza lile gari: kuondoa bolti za kiti ni kazi ya nusu saa, akasema, akisogeze nyuma, alipeleke likakaguliwe, lipate namba. Sista akamshukuru akamwambia atamwita. Mwingine akataka kulinunua. Huyo hakushukuriwa.

Majira haya ya kuchipua, asubuhi ya Jumapili, nikaona mlango wa gereji uko juu. Nikaenda na kanga begani, sijachana nywele. Turubai lilikuwa limekunjwa vizuri pembeni. Sakafu imepigwa deki. Sista alikuwa amevaa glovu na ovaroli ile pana, na chini ya kila gurudumu ametandika nepi, zile zile, bunda la mwisho.

Nikamwamkia, akaitika, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni kama anayepima nguo.

"Wewe unatosha," akasema.

Akanieleza kwa ufupi. Mafuta ya breki yamekaa sana, lazima yatolewe yote, upepo utolewe, na kazi hiyo haifanywi na mtu ambaye magoti yake yatagota. Akimaliza breki, atang'oa kiti. Spana ya bolti zile ilikuwa tayari juu ya boksi, pamoja na drili. Amechoka, akasema, kukaa na gari ambalo hakuna anayeweza kuliendesha. Alisema kama ripoti ya asubuhi.

Nikavua ndala nikaingia. Sijawahi kukaa kwenye kitu kilichonienea hivyo. Mguu ulifika kwenye pedali bila kunyooka sana wala kukunjika, mgongo umeegemea, mikono iko kwenye usukani. Ngozi ya kiti ilikuwa imebonyea kidogo, nami nikaingia palepale palipobonyea.

Sista alikuwa bado amesimama.

"Uliniambia tumsukume mpaka kona," akasema.

"Nilikwambia, ndiyo."

"Heri ningekubali."

Kisha akalala chini akaingia penye gurudumu la nyuma. Tukaanza. Kanyaga, nimekanyaga. Shikilia, nimeshikilia. Achilia. Mwanzoni nilikuwa naona haya kuyasema maneno yale, si yangu. Baadaye yakatoka yenyewe. Gurudumu la nyuma kulia, la nyuma kushoto, la mbele kulia. Pedali ikawa inapanda, inakuwa ngumu chini ya unyayo, ngumu ya kuaminika. Tukafika gurudumu la mwisho. Likatoa mapovu, likatoa machache, likatoa mafuta matupu.

"Kanyaga," akasema.

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Nimeshikilia."

Nikasikia spana ikifungua kikoki, kisha nikaisikia ikikifunga. Nilisikia vizuri, mlio ule wa mwisho wa kukaza. Akaiweka spana sakafuni. Nikangoja neno. Nje ndege wanalia, yule mstaafu anakata majani yake, na kutoka chini ya gari hapakutoka kitu. Baadaye nikasikia anavuta pumzi, ile ya kukatika katikati, mara moja, halafu nyingi. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia.

Sikushuka, wala sikumwita. Paja lilianza kutetemeka, kisigino kikafa ganzi, na kiti kile kimenishika kiunoni kama mtu. Kikoki kilikuwa kimefungwa, kazi imekwisha, na ningeinua mguu breki zisingeharibika kitu. Lakini alikuwa bado hajasema, na mie sikuachilia.